Hilux ya zamani kwa njia za Kusini: tengeneza chini kwanza, kunyanyua baadaye

Chuma cha Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, Ntwara kuchele.

Msimu wa korosho ukikaribia naona vijana wanashuka na Hilux za miaka ya 90 kutoka Dar, na kazi ya kwanza ni kuzinyanyua. Shakeli ndefu (vile vyuma vinavyoshika mwisho wa springi kwenye chesisi), vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, ngao ya mabomba, taa mstari mzima juu ya kabini. Likipigwa picha linapendeza kweli. Mvua zikishika unalikuta kando ya njia ya Kitangari, boneti juu, limechemsha.

Uzi huu ni wa mwenye pickup ya zamani, ana jeki, seti ya spana, kivuli cha mwembe, na hela inayokuja kwa vipande. Nitazungumzia zaidi Hilux LN106, ile yenye injini ya 3L, lita 2.8 dizeli, springi za majani mbele na nyuma, na ekseli nzima mbele. Mwenye Nissan Hardbody au Land Cruiser ya zamani atachukua linalomfaa.

Gari hili limetoka kiwandani tayari ni la porini. Shida yake ni umri. Limebeba magunia miaka na miaka, bushi zimekwisha, springi zimelala, breki za nyuma hazishiki, rejeta nusu imeziba. Ukilinyanyua likiwa hivyo umenyanyua ubovu wake wote, sasa unaonekana kutoka mbali.

Naanza na joto, maana ndilo linaloua 3L. Injini ni ngumu, haina kompyuta, inasukumwa na pampu ya kawaida, lakini silinda hedi yake haisamehe. Ikichemka vibaya inapasuka. Toa rejeta, iweke chini, ipige maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, presha ndogo ili mapezi yasilale. Utashangaa mbegu za nyasi zitakazotoka. Kama ndani imeziba, usiidanganye kwa dawa, ipeleke ikafunguliwe. Badili mipira yote ya maji, hata ile midogo ya hita ambayo hakuna anayeikumbuka kwa sababu huku Lindi na Mtwara nani anawasha hita?

Na geji ya joto isikupumbaze. Sensa yake inapima maji. Maji yakimwagika yote, sensa inabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka, nawe unaendelea kukanyaga mafuta ukidhani mambo ni shwari. Mwenye nafasi afunge kengele ya kupungua kwa maji. Ni kifaa kidogo na kazi ya mchana mmoja.

Halafu mkanda wa timing. 3L ina mkanda, siyo cheni. Kitabu kinasema kilomita 100,000. Kama umenunua gari na muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Naendelea na mbele na matairi hapo chini. Maswali ruksa.

Mgeni Kusini

Nafuatilia. Weka picha mkuu.

Dereva wa Ufuta

Kaka mimi nina Hilux lakini ya baadaye kidogo, mbele haina springi za majani, ina zile nondo ndefu za kujisokota. Fundi kaniambia anaweza kuinyanyua bure kwa kukaza bolti mbili tu. Kweli?

Chuma cha Mikindani

@Dereva wa Ufuta, hizo ni toshenibaa. Baada ya 1997 zilikuja Hilux za aina hiyo, ingawa nyingine ziliendelea na ekseli nzima, ndiyo maana kabla ya kununua kipuri chochote chungulia chini kwanza, usitegemee mwaka wa kadi.

Kukaza zile bolti kunainua mbele kweli. Lakini shafti za mbele zinakaa kwenye pembe kali, mipira ya sivii (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekata kona) inachanika, bolijointi zinaisha haraka, na gari linakuwa gumu mbele kwa sababu tairi halina tena nafasi ya kushuka likikuta shimo. Kidogo tu, kurudisha kimo kilichopotea kwa uzee, sawa. Zaidi ya hapo unalipia baadaye.

Sasa mbele ya LN106. Pale tairi linapogeukia kuna mpira mkubwa wa chuma uliojaa grisi, sivii imo ndani. Ukiona mafuta mepesi yanachuruzika mpaka ndani ya rimu, sili ya ndani ya ekseli imekufa, mafuta ya difu (lile boksi la giya katikati ya ekseli) yamechanganyika na grisi. Kazi hii inafanyika nyumbani kabisa. Unahitaji soketi ya 54 kwa ile nati kubwa ya habu, bila hiyo utaishia kupiga patasi kama wengi wanavyofanya na kuiharibu. Fungua, osha kwa dizeli, kagua beringi za juu na chini, weka sili mpya, jaza grisi ya sivii. Usichanganye na grisi ya zamani, toa yote.

Loki za tairi za mbele nazo zifungue uzipake grisi nyepesi. Na ingiza foo-wili angalau mara moja kwa mwezi hata kama huna safari, mafuta yatembee. Wengi wanaingiza siku ya kukwama, wanakuta imegoma.

Haya, matairi. Hapa ndipo hela ya kwanza ya "kupamba" iende, na hapa kuna hesabu ambayo mafundi wa kunyanyua hawakwambii. Springi ikinyanyuliwa, bodi na chesisi ndivyo vinavyopanda. Difu inabaki palepale, na huku kwetu kinachogonga visiki vya mikorosho ni difu. Kitu pekee kinachoinua difu ni kimo cha tairi. Tairi la 205R16 lina kama milimita 734 kwenda juu. La 235/85R16 lina kama 806. Tofauti ni 72, nusu yake ndiyo inaingia chini ya ekseli: 36. Hicho ndicho kimo chako halisi kipya.

Gharama yake? Gari linakuwa zito kuondoka, breki zinafanya kazi zaidi, na spidomita inadanganya. Kwa mfano huo tairi limekua karibu asilimia 10, kwa hiyo mshale ukisoma 80 wewe uko karibu 88. Trafiki wa Mnazi Mmoja hasomi spidomita yako.

Mama Mkorosho

Asante kwa somo. Mimi ni mkulima, gari langu linapanda Newala na Tandahimba, mara nyingi mchanga ule mwekundu. Kila mtu ananiambia ninunue matairi mapana. Yanasaidia?

Chuma cha Mikindani

Mama, kabla ya kununua chochote punguza upepo kwenye hayo uliyonayo. Kwenye lami unaweka PSI 35, kwenye mchanga mlaini gari likiwa tupu shusha mpaka 18. Tairi linalala, linarefuka kwenda mbele na nyuma, linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Watu wanadhani faida ni upana, kumbe kubwa ni huo urefu. Ukiwa na mzigo usishuke sana hivyo, baki 25 hivi, uende polepole, usikate kona kwa nguvu.

Ukirudi kwenye lami jaza palepale. Kwa hiyo pampu ya umeme wa betri au ya mguu ni lazima kuliko taa nane.

Onyo moja kwa wenye 7.50R16 za tyubu: upepo ukiwa mdogo sana tairi linateleza kwenye rimu, tyubu inavutwa, valvu inakatika shingoni. Hizo usishushe chini ya 25 na ubebe tyubu ya ziada. Uzuri wake ni kwamba mpaka Nachingwea au Mangaka unalipata, maana Land Cruiser nyingi zinalitumia.

Na magunia ya jute ya korosho, yale yaliyochanika, usiyatupe. Mawili chini ya matairi ya nyuma yanakutoa sehemu ambayo wenye vifaa vya bei wanabaki wanapiga simu.

Mwana Liwale

Huko kwenu mnazungumzia mchanga. Njooni Nangurukuru–Liwale masika, udongo mweusi! Hapo kupunguza upepo hakuna kitu. Tairi linajaa tope linakuwa kama andazi, halina meno tena. Mimi naona tairi jembamba lenye meno makubwa ndilo la huku, linakata tope linafika chini kwenye pagumu. Hayo mapana waachieni wa Msimbati wanaoendesha ufukweni.

Chuma cha Mikindani

Sikupingi ndugu yangu. Mfinyanzi mweusi unataka jembamba, meno yaliyoachana, na mguu usiositasita. Tatizo letu wengi tunapita vyote viwili ndani ya wiki moja, ndiyo maana mimi nimebaki na 235/85, jembamba na refu. Halafu kuna mahali pa Liwale hata trekta linasubiri jua. Kusubiri nako ni ujuzi wa udereva, ila hakuna anayeuweka kwenye picha.

Mzee wa Lukuledi

Vijana, hongereni. Mnasahau maji. Mito yetu inajaa usiku kucha na asubuhi inaonekana mitulivu. Nimeona difu zikifunguliwa, mafuta meupe kama chai ya maziwa.

Chuma cha Mikindani

Shikamoo mzee. Umenitangulia, hilo ndilo nililotaka kulisemea kwa kirefu.

Difu ina tundu la kupumua juu, na kifuniko kidogo cha bati. Ukitembea, mafuta yanapata moto, hewa ndani inatanuka na kutoka. Ukiingia mtoni ghafla, difu inapoa, hewa inasinyaa, inavuta. Inavuta nini? Maji. Kifuniko kikiwa kimeziba kwa tope ni mbaya zaidi, inavuta kupitia sili za ekseli.

Dawa yake ni rahisi kuliko yote katika uzi huu. Toa kifuniko, funga kinipo (kibomba kidogo chenye nyuzi), chomeka mpira wa mafuta ya dizeli, upitishe kwenye chesisi mpaka juu. Ya mbele iishie kwenye ukuta wa injini karibu na betri, ya nyuma ipande ndani ya bodi hadi nyuma ya taa. Mwisho weka chujio dogo la dizeli vumbi lisiingie. Acha mpira mrefu kidogo ulegee, ekseli inacheza juu na chini, ukibana utakatika. Giaboksi na kesi ya foo-wili nazo zina matundu yao, zifanyie hivyohivyo.

Baada ya kuvuka mto wa kina legeza bolti ya chini ya difu kesho yake asubuhi kabla hujawasha. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanatua chini usiku. Yakitoka matone ya maji kwanza, badili mafuta.

Mgeni Kusini

Kwa hiyo snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu ya kabini, ni lazima? Naona wanachomelea za bomba la maji.

Nyundo Bubu (fundi, Masasi)

Naingilia hapo. Snokeli ya bomba la plastiki inayofika kwenye boksi la hewa bila kuzibwa sawasawa ni pambo. Injini inavuta hewa, ikipata tundu kwenye kiungo itavuta hapo. Kwenye maji itanywa maji, na dizeli ikinywa maji koneksheni rodi inapinda, maji hayabanwi. Kwenye vumbi ndiyo mbaya kimyakimya, inakula ringi taratibu. Naletewa injini zilizochakaa na chujio safi! Chujio safi kwenye njia zetu maana yake hewa inapita kwingine.

Mimi snokeli naipenda kwa sababu ya vumbi kuliko maji. Ukifuatana na malori kiangazi, hewa ya juu ya kabini ni safi kuliko ya karibu na tairi. Ila viungo vyote viwe na klipu na gundi, na lile tundu la kutolea maji chini ya boksi liwe na mpira wake.

Dereva wa Ufuta

Mei 2024 kile Kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, kuna jamaa alikuwa na snokeli akasema atapita 😂

Chuma cha Mikindani

Barabara yenyewe ilikuwa imeondoka, snokeli ingempitisha wapi?

Nyundo Bubu, asante sana. Na tusaidie kwenye springi, wewe unaziona kila siku.

Nyundo Bubu

Springi zilizolala watu wanapeleka kwa mhunzi, anazipasha moto mpaka nyekundu anazipinda upya. Siku ya kwanza gari limesimama vizuri. Baada ya muda zimelala tena au zimekatika, kwa sababu ule moto umeondoa ugumu wa chuma na hakuna aliyeurudisha. Kama unapinda, zipindwe baridi kwa mashine au kwa nyundo hatua kwa hatua. Bora zaidi tafuta seti nzima iliyotoka kwenye gari ambalo halikubeba mzigo.

Kuongeza majani: uliza gari linakwenda na nini. Likienda tupu na kurudi limejaa, usiongeze majani ya kawaida, litakurusha kichwa mpaka kwenye paa. Weka jani moja nene la chini lililonyooka, linalokaa bila kazi mpaka mzigo uishushe springi ndipo linaposhika. U-bolti ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Zikaze, tembea siku chache na mzigo, zikaze tena. Wengi hawarudi, wanarudi senta bolti ikishakatika na ekseli imekaa upande.

Vipande vya chuma: nyuma navivumilia, mbele siweki hata mteja akilia. Ukikanyaga breki ekseli ya mbele inataka kujizungusha, na kipande kinaipa nafasi. Shakeli ndefu nazo zinageuza pembe ya ekseli, usukani hauwi uleule.

Chuma cha Mikindani

Naongeza kitu ambacho sijaona fundi yeyote wa kunyanyua akikigusa. Nyuma ya LN106 kuna valvu ya breki yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo: nyuma ikishuka, inaruhusu breki zaidi nyuma, nyuma ikiwa juu, inajua gari ni tupu, inapunguza breki tairi za nyuma zisijifunge na kuteleza. Sasa wewe umenyanyua nyuma. Valvu itaamini gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na mzigo kamili unashuka mteremko wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma. Breki zote zinabaki mbele, zinapata moto, na chini pale kwenye Shimo la Mungu hakuna wa kukusalimia. Rekebisha ile fimbo kwa kiasi ulichonyanyua. Na mipira ya breki: nyanyua chesisi mpaka matairi yaning'inie, uone kama mpira bado una ulegevu.

Mimi nikiulizwa, kwa kazi zetu nyanyua kiasi cha kurudisha kimo cha kiwandani na kidogo cha kuweka tairi la 806. Sentimita tano zinatosha kabisa.

Mama Mkorosho

Na uzito? Mume wangu anataka ngao ya chuma mbele, kerieri juu, na tangi la pili.

Chuma cha Mikindani

Piga hesabu ya magunia mama. Gunia la korosho ni kilo 80. Kumi na mawili ni kilo 960, na hapo gari la tani moja limeshajaa, dereva na utingo hawajapanda. Kila kilo ya chuma unayochomelea ni kilo ya korosho unayoiacha ghalani. Dumu la lita 20 la dizeli ni kama kilo 17, la maji ni 20. Viwili hivyo vinafaa kuliko ngao ya kilo sitini, ila viwekwe ndani ya bodi mbele karibu na kabini. Juu ya kerieri weka vyepesi tu, turubai na godoro. Kwenye njia ya upande upande uzito wa juu ndio unaolaza gari.

Mbele nisingeacha bila hukwi mbili za kuvutia zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi, siyo kuchomelewa kwenye bampa. Anayekuvuta akifunga kamba kwenye bampa, bampa linaondoka na yeye. Na waya wa chuma usitumike kuvuta kwa kurusha, ukikatika unakata mtu. Watoto wanapenda kusogea kuangalia, waondoe kwanza.

Mgeni Kusini

Mkuu, kuna fundi Dar ananishawishi nitoe 3L niweke 1KZ yenye tabo. Anasema ndiyo suluhisho la kupanda milima.

Nyundo Bubu

1KZ-TE ina nguvu, sikatai. Lakini pampu yake ni ya umeme, na hedi yake inaogopa joto vilevile. Ikikugomea katikati ya Liwale utatafuta mtu wa kusoma waya, 3L unatafuta mtu mwenye spana. Tena ukibadili injini, nenda TRA namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi, la sivyo siku ya kuuza au ya bima utaanza kujieleza.

Chuma cha Mikindani

Nguvu ya kupanda ipo kwenye giya fupi za foo-wili. Watu wengi hawajawahi kuingiza ile L4 tangu wanunue gari. Ingiza ukiwa umesimama, klachi chini, panda na giya ya pili, usiguse klachi mpaka juu.

Jambo la mwisho kwa wa pwani. Ukishuka Msimbati ukaendesha ufukweni, siku hiyohiyo osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya chesisi hasa, pale mchanga unapojificha. Chesisi za LN106 zinaozea ndani, nje unaona rangi nzuri. Gonga kwa nyundo ndogo karibu na mikono ya springi ya nyuma. Sauti ikibadilika, usinunue hilo gari.

Mwana Liwale

Wengine tunapaka oili chafu chini. Inasaidia.

Nyundo Bubu

Kwenye chuma inasaidia. Usipake kwenye bushi na mipira ya breki, oili inalainisha mpira unavimba.

Dereva wa Ufuta

Swali la mwisho wakuu. Mpira wa kupumulia difu nitumie wa saizi gani, na kinipo nakipata wapi hapa Lindi mjini?

Chuma cha Mikindani

Wa milimita 8 kwa ndani, ule wa dizeli, siyo wa maji, wa maji unalainika kwa joto. Kinipo toa kile cha zamani nenda nacho dukani wakupimie nyuzi zake. Kama hakuna, toboa kifuniko cha zamani katikati, chomelea kibomba kidogo cha shaba, klipu juu. Ukimaliza puliza mwisho wa mpira kwa mdomo: hewa ikipita bila kukaza, uko sawa.